Picha Yangu Iko Wapi?

Hapa Berlin, nilimpelekea mhariri mmoja jalada langu la picha za Delta ya Tana, Kenya. Zilikuwa 40. Alizitandaza mezani, akakaa kimya, kisha akaanza kuziondoa moja moja. Zikatoka 22. "Hizi unazipenda kwa sababu unawajua watu wake," akaniambia. "Mimi siwajui." Maneno yaliniuma, lakini yalinifunza. Huku jalada ni mchujo: picha 15 hadi 20 zenye uzi mmoja, ya kwanza imshike mtazamaji, ya mwisho asiisahau, na pasiwe na mbili zinazosema jambo lile lile.

Nilipozitazama 18 zilizobaki, karibu zote zilikuwa maji ya mafuriko ya 2024. Walimwengu wanaijua Kaunti ya Tana River kwa mafuriko, kwa mapigano ya jamii za Wapokomo na Waorma yaliyozuka upya 2012 na kuua watu zaidi ya 100, na kwa ndege wa delta, iliyoingizwa mwaka huo huo katika orodha ya ardhioevu ya Mkataba wa Ramsar. Jicho la mgeni huokota kile linachokijua tayari.

Niliporudi nyumbani Garsen, nilizitandaza zote 40 mkekani, barazani kwa shangazi. Hakuna aliyeondoa hata moja. Majirani walitaja majina: huyu mtoto wa fulani, mwembe huu umeshachukuliwa na mto. Shangazi akaishika ile ya mama aliyejitwika godoro, maji yakimfika kiunoni. Ndiyo ambayo mhariri aliiweka ya kwanza.

"Mwenyewe ameiona?"

"Bado, shangazi."

"Basi unamtembeza Ulaya, naye hana habari."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na albamu iliyolowa katika mafuriko ya 2018. Alikuwa amezianika picha juu ya mabati, moja moja, kama samaki. Ya harusi yake uso ulikuwa umefutika. Ilibaki mikono tu, hina ikionekana. Hiyo hakuitupa.

Swali la shangazi halikunitoka. Ujerumani ina sheria tangu 1907 inayotaka ridhaa ya mtu kabla ya picha yake kusambazwa. Kenya nayo ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Lakini kwetu, ridhaa hutolewa kwa maneno machache: "Ukizisafisha, utaniletea." Ni mara ngapi nimeitikia "ndiyo", kisha nikapanda ndege? Hilo ni deni, na sitaki kujenga jina juu ya deni.

Kesho yake nilimpelekea yule mama picha yake. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniomba niandike nyuma yake jina lake, kijiji na mwaka. Kisha akasema, "Sasa nipige nyingine." Akaenda kubadilisha leso, akasimama mlangoni mwa nyumba aliyoijenga upya, udongo wa kuta bado mbichi.

Mchujo nitaendelea nao. Berlin imenifundisha vyema. Ila hakuna picha itakayoingia jaladani kabla mwenyewe hajashika nakala yake. Ya godoro imebaki ya kwanza. Ya mwisho sasa ni ile ya mlangoni, na nyuma yake pameandikwa jina.