Kisu cha gramu 21

Wiki hii tuache programu kidogo, tuongee visu. Naishi Kawangware, wateja wangu wengi wako Kibera. Nikishawawekea programu, naishia kuvuta nyaya pia, na kwa miaka nilizichuna kwa wembe au kwa meno. (Jino moja linanikumbusha.)

Kisha nikapata Opinel namba 8 ya mtumba pale soko la Toi. Ubapa sentimita 8.5, mpini wa mbao, pete ya chuma inayouzuia ubapa usijikunje. Kisu chepesi ajabu, nilikipenda. Usiku mmoja nikirudi kwa miguu, wanaume wawili wenye tochi wakanisimamisha.

"Kijana, hiki ni cha nini?"

Nikaeleza habari za nyaya, nikatoa hata vichwa vya RJ45 mfukoni. Lakini kijana mwenye kisu saa nne usiku, nani atasadiki ni fundi? Waliniachilia, kisu wakabaki nacho.

Sasa nabeba Victorinox Classic: milimita 58 ikikunjwa, gramu 21, ina kimkasi. Haijifungi, na kwa waya nene utataabika. Ila inaning'inia kwenye funguo, na bawabu akiiona hudhani ni ya kukatia kucha.