Mama mkwe alisema maini



Mwezi wa sita 2004, vita vya Bukavu vilipotutoa nyumbani, tulivuka daraja la Ruzizi tukafikia Cyangugu, ambako leo panaitwa Rusizi. Nilikuwa na watoto wanne na sufuria moja. Mwezi wa kwanza bugali na maharagi, wa pili bugali na maharagi, wa tatu vilevile. Matumbo yalijaa, nami nikadhani shida ya chakula imekwisha.

Halafu kabinti kangu ka miaka mitatu kakaanza kujikwaa. Mchana anakimbia vizuri na wenzake, lakini jua likizama anapapasa hema kama kuku aliyepotea banda. "Mama, siko naona sahani." Nikamfokea eti anadeka. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Mama mkwe akasema, "Mpe maini huyo." Nilicheka. Maini nitatoa wapi mimi mkimbizi? Nikasikiliza jirani, tukaenda kwa mganga mmoja wa majani. Ili nipate pesa yake niliuza mafuta yetu ya mgao. Akamtia mtoto maji ya majani machoni. Alilia usiku kucha, asubuhi macho mekundu kama pilipili.

Muuguzi ndiye aliyenieleza: ni upungufu wa vitamini A, na ukiachwa, kioo cha jicho hukauka, mtoto akapofuka kabisa. Akampa kapsuli siku ile, nyingine kesho yake, na ya tatu baada ya wiki mbili. Akaniuliza, "Mafuta ya mgao mnapika nayo?" Nikanyamaza. Kumbe yale mafuta hutiwa vitamini A kiwandani. Yaani niliuza dawa nikanunua maumivu!

Na mama mkwe hakukosea. Maini yana vitamini A nyingi sana. Baadaye nilikuja kujua kwamba waganga wa kale wa Uhindi, wenye tiba iitwayo Ayurveda, nao waliandika kwamba asiyeona usiku apewe maini ya mbuzi. Neno vitamini lenyewe lilibuniwa 1912 tu, lakini wazee walishaona nani anapona na alikula nini. Ila jamani, vitabu hivyohivyo vina na dawa za kutia machoni, kwa hiyo si kila cha zamani ni cha kufuata. Mimi nachukua chakula, dawa za macho nawaachia wenyewe. Na mwenye mimba asizidishe maini, vitamini hiyo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Nyama ikikosekana, kuna sombe, lengalenga, papai lililoiva, viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Mboga hizo zitiwe mafuta kidogo, bila hayo mwili hauchukui vizuri. Mawese ndiyo mazuri zaidi, ule wekundu wake ndio wenye kazi. Wengi wetu tunayachoma mpaka yageuke meupe, tunasema yanapunguza harufu. Hapo umeshaua kila kitu. Na mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano apelekwe kituo cha afya apewe kapsuli yake kila baada ya miezi sita.

Binti yangu sasa ni mama. Juzi nimemkuta anachoma mawese, moshi umejaa nyumba. Nikamnyang'anya sufuria.