Mishale Inapotawanyika

Kukosa shabaha ni jambo moja; kutojua utakosea upande gani ni jambo jingine kabisa. Mlengaji ambaye mishale yake yote 6 imekita pamoja, shubiri moja kushoto mwa kitovu, hana shida kubwa. Atasogeza kilengeo chake kidogo na mambo yatatengenea. Mashaka yako kwa yule ambaye mshale wa kwanza umepiga kitovu, wa pili umepaa juu, wa tatu umeangukia kulia, na wa nne umerudi kitovuni kana kwamba unamdhihaki. Huyo hana cha kusogeza.

Upinde unaozungumziwa hapa si uta wa Fumo Liyongo, ambaye katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa alitegewa akwee mkoma ili auawe, naye akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Huu ni upinde wa kapi. Aliyeubuni ni Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, Marekani, akapewa hataza mwaka 1969. Ncha zake zina magurudumu, na nyuzi hupita humo mithili ya kamba za jahazi katika kapi za kutwekea tanga. Ukishavutwa hadi mwisho, uzito hupungua ghafla: upinde wa ratili 60 waweza kushikiliwa kwa ratili 12 tu, mkono ukatulia. Lakini neema hii ina gharama yake. Uta wa mti una mahali pachache pa kutupia lawama, ilhali upinde wa kapi umejaa skrubu, na mwenye wasiwasi anaweza kumaliza mwaka mzima akikaza hii na kulegeza ile.

Ndivyo ilivyomkuta kijana mmoja wa Kitui aliyekwenda Missouri kwa masomo. Wenyeji wake walimwalika kuwinda kulungu msimu utakapofunguliwa katikati ya Septemba, kwa sharti moja: kutoka hatua 20, kila mshale uingie ndani ya upana wa sahani ndogo. Sharti hilo halikuwa la kuonyeshana ubingwa. Kulungu aliyepigwa mapafuni hufa upesi. Aliyepigwa tumboni hutokomea msituni, akateseka kwa saa nyingi, na pengine asipatikane kamwe. Kijana huyu alikuwa ametoka katika nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na wazo la mnyama anayefia vichakani kwa sababu ya kidole chake lilimkosesha usingizi.

Hivyo akawa anarekebisha kila baada ya mshale. Hapo ndipo aghalabu mambo huharibika. Mshale uliokwenda kushoto kwa sadfa humfanya mtu asogeze kilengeo kushoto. Unaofuata, ambao ungepiga kitovu, sasa huangukia kulia. Kadiri alivyotibu ndivyo mtawanyiko ulivyopanuka.

Mwenyeji wake, mzee asiye na maneno mengi, alimpa kalamu ya wino mzito aitie mishale nambari. Baada ya kurusha mara 10 bila kugusa skrubu yoyote, ikawa bayana kwamba mshale nambari 4 hukimbilia chini kulia kila mara. Ulipokunjwa taratibu karibu na sikio, wano lake lilitoa mlio: lilikuwa na ufa. Ukatupwa mara moja, kwani wano la kaboni lenye ufa laweza kupasuka likirushwa na kuuchoma mkono. Kisha wakaukagua upinde. Kiegemeo cha mshale kilikuwa kimelegea, kikakazwa. Mishale iliyokuwa ikipanda na kushuka ilitokana na magurudumu mawili kutofika mwisho wa mzunguko kwa pamoja, maana nyuzi zilikuwa zimerefuka kwa matumizi. Hiyo ilikuwa kazi ya fundi mwenye mtambo wa kukandamizia upinde. Kuzifungua nyuzi hizo bila mtambo ni kuhatarisha macho.

Mishale 5 iliyobaki ikaongezewa mmoja mpya, nayo ikaendelea kutawanyika, ila sasa kulia na kushoto tu. Upinde ulikuwa umeshajitetea.

Kiganja ndicho kilichokuwa kikiukaba mpini na kuuzungusha. Hesabu yake yatisha: mshale wa sentimita 70 ukipindishwa milimita 1 tu nchani, kwa umbali wa mita 50 utapotoka kwa karibu sentimita 7, ilhali duara la pointi 10 katika mashindano ya umbali huo lina kipenyo cha sentimita 8. Akafundishwa kuuacha mpini uegemee chini ya kidole gumba, vidole vikiwa vimelegea.

Lililomshinda zaidi ni woga. Kila kilengeo kilipogusa kitovu, kidole kilikurupuka na kupiga kifyatuo kabla ya wakati. Woga huu huwapata hata mabingwa, na dawa yake inachosha: mlengaji husimama hatua 3 mbele ya robota la majani lisilo na alama yoyote, akafumba macho, akavuta, akaachilia, jioni baada ya jioni, hadi mwili usahau kuwa kuna kitu cha kukosa. Alifanya hivyo mwezi wote wa Agosti.

Msimu ulipofunguliwa, mishale 5 kati ya 6 ilikuwa ikiingia ndani ya sahani. Alfajiri hiyo alifuatana na wenyeji wake msituni, akiwa amebeba chupa ya chai. Upinde aliuacha nyumbani.