Mita kumi za mwisho

Nyinyi wahami mlio mbali na vijiji vyenu: sauti mnazorekodi mkitafuta ndugu zenu zinasafiri kwa intaneti. Mwaka 2013 mkonga wa baharini WACS ulifunguliwa Muanda. Kutoka Beni mpaka Butembo ni kilomita 50 na kitu. Lakini mara nyingi sauti inakatikia ndani ya nyumba, mita kumi tu kutoka ruta, kwa sababu kuta za matofali zinadhoofisha Wi-Fi.

Kwangu nilivuta waya toka ruta hadi kwenye kompyuta. Waya wa fibra wenyewe ni kioo kinachobeba mwanga. Usiukunje, mwanga utapotea. Umeme ukikatika, betri inaendesha ruta. Sasa sauti ya mama anayetafuta mtoto wake inafika redioni nzima, pamoja na jina la mtoto.