Hondohondo wa Amani

Barabara ya kutoka Muheza ikishaipita Sigi huanza kupanda kwa kona kali, na hewa hupoa kabla hujafika Amani, huko juu kwenye msitu wa milimani. Hondohondo niliwasikia kabla ya kuwaona. Mabawa yao yalivuma juu ya ukungu, ukafuata mlio mkali wa kukwaruza, kisha wakatokeza mmoja baada ya mwingine: weusi, kiuno cheupe, dume akiwa na pembe kubwa ya rangi ya malai juu ya mdomo. Walitua kwenye mti wenye matunda, wakaanza kuchuma kwa ncha ya mdomo na kumeza mazima.

Mzee Msambaa aliyenitembeza aliniacha nitazame kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, yaliyo juu umeyaona. Sasa tazama chini."

Chini kulikuwa na kokwa, nyingi, safi, hazina hata nyuzi za nyama. Hondohondo huyeyusha nyama ya tunda na kuzitapika kokwa kubwa, mara nyingi akiwa tayari ameshahamia mti mwingine. Zile zinazodondoka chini ya mti uliozizaa huliwa na panya, hutobolewa na wadudu au huoza. Kupelekwa mbali ndiko kunakozipa nafasi.

Hapa hapa Amani, Mwingereza R. E. Moreau, aliyeanza kazi mwaka 1928, pamoja na mkewe, waliwachunguza ndege hawa wakati wa kuatamia. Jike huingia kwenye tundu la mti na mlango huzibwa kwa udongo ambao dume huumeza na kuutapika vidonge vidonge. Hubaki ufa mwembamba tu wa kupitishia chakula. Kwa makadirio yao ya mwaka 1941, dume mmoja alileta matunda kama 24,000 katika safari 1,600 kwa siku 120. Nilisimama pale nikijaribu kuipata picha ya kazi hiyo, na heshima yangu kwa ndege huyu imeongezeka tangu siku hiyo.

Lakini hondohondo hachagui mti wa kueneza. Wajerumani, waliofungua taasisi yao ya utafiti hapa mwaka 1902, walileta miti kutoka pande nyingi za dunia. Mmoja wa miti hiyo ni ule ambao Waganda huuita musizi, mti wa magharibi mwa Afrika Mashariki unaokua haraka. Matunda yake yaliwapendeza sana hondohondo. Wakayabeba, na uvunaji wa magogo wa miaka ya 1970 na 1980 ulipofungua mianya yenye jua ndani ya msitu, musizi ulijaa humo. Mzee aliyanyoshea kidole mashina yake yaliyonyooka, moja, jingine, jingine tena, hadi nikaacha kuhesabu. Siwezi kumlaumu ndege. Aliyeleta mti ni mtu, na aliyekata msitu ukapata jua ni mtu pia.

Tukatoka nje ya kivuli, kwenye mashamba ya chai. Hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa mzito. Katikati ya chai vimebaki vipande vya msitu, na hondohondo huvuka juu ya chai bila shida. Ndege wadogo wa rangi ya kijani iliyofifia, wale wanaoishi chini kwenye kivuli cha msitu, hawathubutu. Watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walionyesha mwaka 2003 yanayotokea baadaye: Leptonychia usambarensis, mti wa milima hii, mbegu zake hubebwa na ndege hao hao wadogo. Katika vipande vya msitu mbegu chache zaidi huondolewa, na miche huota ikijazana karibu na mama yao. Miti mikubwa ipo, inazaa, msitu unaonekana mzima kwa macho. Kizazi kinachofuata ndicho kinachokwama.

Kwa hiyo ushoroba wa Derema, uliotengwa kuwa hifadhi ili kuunganisha msitu wa Amani na ule wa kaskazini, una maana kubwa kwangu. Wakulima waliokuwa na iliki humo walilazimika kuiacha, na iliki ndiyo iliyokuwa fedha ya nyumba nyingi. Walilipwa fidia, lakini shamba la iliki lilizaa kila msimu, na fidia ikishalipwa huisha. Ninautaka ushoroba huo kwa moyo wote, na ninataka pia wanaoulinda waendelee kuwauliza watu hao wanaishije sasa.