Riziki ya Mpanga Safari za Ndege

Wiki iliyopita binti yangu, aliyemaliza kidato cha sita, aliniambia: “Baba, nataka kuifanya kazi yako.” Mama yake alinitazama asiseme neno. Yeye anaijua kazi hiyo kwa simu zake za saa nane usiku. Niliomba siku tatu za kufikiri, kisha nikamjibu.

Kazi yangu ni kupanga safari za ndege ndogo za kukodi zitokazo Dar es Salaam kwenda Zanzibar, Mafia na mbugani. Abiria humwona rubani. Hamwoni yule aliyejumlisha uzito wa watu na mizigo, na kuhakikisha kuwa mafuta yatatosha kwenda na kurudi. Viwanja vingi vya mbugani havina mafuta wala taa, hivyo ndege sharti itue kabla ya jua kuchwa. Magharibi ni wakati wa swala yangu, na ni mpaka wa kazi yangu pia.

Kuhusu malipo sikumficha. Nilianza na shilingi 450,000 kwa mwezi. Nikishalipa kodi ya nyumba na nauli, kilichobaki hakikufika tarehe 20. Mpangaji asiye na leseni hubadilishwa kwa urahisi, na wakati wa masika, watalii wakipungua, posho nazo hupungua. Mlango hufunguka kwa anayesomea leseni ya uofisa wa operesheni za ndege. Kwa viwango vya kimataifa haitolewi kwa aliye chini ya miaka 21, nayo hudai elimu ya hali ya hewa, uzito wa ndege na sheria za anga. Mimi niliipata baada ya miaka sita, kwa karo niliyoidunduliza, na mshahara wangu ukaongezeka zaidi ya mara mbili. Mwenye leseni na uzoefu aweza kuwa meneja wa operesheni, au kutafuta kazi kwenye ndege binafsi huko Dubai na Doha.

Lakini ipo hesabu isiyoandikwa katika hati ya mshahara. Ramadhani moja, mkuu wangu alinitaka nimpange rubani ambaye saa zake za kazi kisheria zilikuwa zimekwisha. Mteja alikuwa mtu mzito na fedha zimekwisha kulipwa. Niliambiwa nibadilishe saa ya kuanza kazi katika kumbukumbu za rubani. Nilikataa. Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa, nikakaa miezi minne bila kazi. Mke wangu aliuza cherehani yake, wala hakunilaumu hata siku moja.

“Ungekubali, nani angejua?” binti aliuliza.

“Rubani angejua, na baba yako angejua,” mama yake alijibu. “Na juu yao yuko asiyefichwa kitu.”

Tumeafikiana asome kwanza, atafute leseni umri ukifika, na kabla ya kutia saini mkataba wowote aulize mambo matatu: malipo ya zamu za usiku, usafiri wa kumrudisha nyumbani, na nani mwenye neno la mwisho safari isipokuwa salama. Wazazi wenzangu, tusiishie kuwauliza watoto wetu watalipwa kiasi gani. Tuwaulize pia watatakiwa kufanya nini ili walipwe.

Wallahu aalam.