Lafudhi ya Mzee Ojwang

Nililelewa Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako ukuta mmoja ulitenga jamaa mbili, na harufu ya chakula ilikujuza kabla hujabisha hodi kama mwenye nyumba ametoka Kisumu au Kakamega au Nyeri. Na katika safu yetu nzima, katikati ya miaka ya 1980, televisheni ilikuwa moja tu, mali ya fundi mmoja wa karakana, mtu wa Kisumu, aliyekuwa sahibu mkubwa wa baba yangu. Ilikaa ndani ya sanduku la mbao lenye milango miwili midogo, iliyofungwa kwa ufunguo mchana kutwa. Na jioni mzee yule alipoifungua, sisi watoto tulikuwa tumekwisha kaa sakafuni, na watu wazima nyuma yetu juu ya viti walivyokuja navyo wenyewe. Mmoja wetu alipelekwa nje kuushika mlingoti wa mwanzi uliobeba eriali, akaugeuza taratibu, huku sauti zikimfikia kutoka dirishani, "Bado! Bado! Hapo hapo, usiguse!" Zamu hiyo iliponiangukia mimi, nilikisikia kicheko cha nyumba nzima bila kujua walichokicheka, na adhabu ile naikumbuka kuliko fimbo zote za utoto wangu.

Kipindi tulichokingojea kuliko vyote kilikuwa Vitimbi cha Sauti ya Kenya, alimocheza Mzee Ojwang pamoja na Mama Kayai, kisha Vioja Mahakamani, kilichowasimamisha kizimbani watu wa makabila mbalimbali, kila mmoja na Kiswahili cha kwao. Mzee Ojwang, na miwani yake mizito na kofia yake, alinena kwa lafudhi ya Kijaluo, shamba likawa samba na shida ikawa sida. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa yule fundi mwenyewe, ambaye naye alisema vivyo hivyo, akicheka hata akatafuta leso ya kufutia machozi. Mimi mtoto niliamini kwamba Mzee Ojwang ni ndugu yake.

Mara chache, mishahara ilipotoka, baba na fundi walituchukua mjini kutazama sinema. Ndiko nilikoiona Sholay, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975, na mpaka leo, baada ya filamu nyingi zilizotengenezwa kwa ustadi na kwa fedha kubwa zaidi, sijaona iliyonieleza urafiki kuliko ile. Hatukujua hata neno moja la Kihindi. Lakini pale Amitabh Bachchan, aliyekuwa akiamua kila jambo kwa kurusha sarafu, alipokata roho, na sahibu yake akaitazama sarafu ile na kuona kuwa ina sura moja pande zote mbili, ikadhihirika kwamba bahati haikuwamo kabisa, bali alikuwa amejichagulia hatari kwa hiari yake ili mwenzake aokoke, jumba zima lilinyamaza, na baba akamtazama fundi, na fundi akamtazama baba, wala hawakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani.

Ama nilipopata elimu, mambo yalibadilika. Kituo cha pili cha televisheni kilianza nchini mwaka 1990, na mawimbi yake yalipotufikia baadaye, nami nikiwa mwalimu huko Njoro mwenye televisheni ndogo ya betri ya gari, nilizama katika tamthilia za Meksiko na za Marekani, nikaona haya kutajiwa Vitimbi. Fauka ya hayo, nilikuwa na hoja niliyoiona nzito: mapigano ya 1992 yalikuwa yamewafukuza watu Molo na vijiji vya jirani, nami nikawaambia walimu wenzangu kwamba michezo inayocheka lafudhi za watu ndiyo inayotufundisha kuhesabiana kabila, na kwamba heri ingefutwa. Niliyasema hayo kwa insafu, nikiamini kuwa naitetea nchi yangu.

Hata ikaja Januari ya 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi zilipoingia Nakuru, zikaenea na Naivasha, waliofika mlangoni kwa fundi, mzee aliyekwisha staafu, walikuwa vijana wa lugha yangu mimi; wakamwamuru aseme neno ili wamtambue kwa matamshi yake. Baba alimtoa usiku, na siku ya tatu fundi akapanda lori lililokwenda Kisumu, na vitu vichache. Lile sanduku la mbao, ambalo kioo chake kilikuwa kimekufa zamani, akaliacha kwa mama yangu. Ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimekosea hukumu. Vijana wale hawakukaa sakafuni pamoja na mtu yeyote. Lafudhi ileile iliyokuwa furaha ya nyumba moja ilikuwa imekuwa alama ya kuwindiwa mtu, na tofauti ya mambo hayo mawili haikuwa katika lafudhi, ilikuwa katika nani umekaa naye unapoisikia.

Tangu hapo nimezitazama filamu zetu kwa jicho jingine. Something Necessary, aliyoiongoza Judy Kibinge na iliyotoka mwaka 2013, nilishindwa kuimaliza mara ya kwanza. Anne, aliyefiwa na mumewe katika ghasia zile, anarudi kulijenga upya shamba lake, na Joseph, kijana aliyekuwa katika genge lililomvamia, hapati usingizi. Na mimi nasema filamu hii ingepasa kuonyeshwa katika kila ukumbi wa Bonde la Ufa, kwa kuwa haimpi mtazamaji nafasi ya kujificha upande mmoja. The First Grader ya mwaka 2010, inayosimulia habari za Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, naipenda kwa zile soksi ndefu na kaptura zilizovaliwa na mzee kwa taadhima. Ila naililia kwa Kiingereza chake kingi, na kwa kuwa natamani ingalitusimulia jinsi Maruge, baada ya kupoteza mali yake katika ghasia zilezile, alivyoendelea kwenda shule akitokea kambi ya wakimbizi.

Mzee Ojwang alifariki Julai 2015, na katika magazeti ya wiki ile nikasoma kwamba jina lake lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Nilikaa na gazeti lile mapajani muda mrefu. Kisha nikampigia simu fundi huko Kisumu, na baada ya kuulizana hali za nyumbani nikamwuliza, kwa kusitasita, kama naye amesoma habari ile.

"Nilijua tangu zamani, mwanangu," akasema. "Mjaluo gani anasema vile? Sisi tulijua, na baba yako alijua."

"Na hukuchukizwa, Mzee?"

"Nichukizwe na nini? Yule alitusikiliza. Utamwigaje mtu ambaye hujamsikiliza?" Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Lile sanduku bado liko?"

Nikamwambia liko, mama ameweka vikombe vya wageni ndani yake, na milango yote miwili ni mizima. Akaniambia ufunguo anao yeye, alikwenda nao mfukoni siku ile ya lori, na kwamba nikifika Kisumu nikauchukue.